Muulize Mjomba: Dakika saba, saa nane usiku, nani kanisoma?

Wapwa zangu, najua mwezi uliopita niliahidi tutaongea habari za mikataba ya muda, mnisamehe tu, mikataba itasubiri. Barua zilizonijia safari hii karibu zote zinalia kitu kimoja, watu wanaomba kazi na hawajui wanamwomba nani. Mimi niliwahi kukaa upande wa pili wa ile meza, tena miaka mingi, mimi ndo nilikuwa nafungua bahasha, kwa hiyo nayajibu haya nikiwa na deni langu mwenyewe na kuna mmoja wenu kanidai waziwazi, nimemweka mwisho makusudi.

*Mjomba shikamoo. Juzi niliomba kazi usiku baada ya kumlaza mtoto, nikabonyeza tuma saa nane na dakika 4. Saa nane na dakika 11 ikaingia imeili, "baada ya kulipitia ombi lako kwa makini tumeamua kuendelea na waombaji wengine". Dakika saba mjomba! Saa nane za usiku! Nani alikuwa macho ananisoma kwa makini? Nina uzoefu wa miaka tisa na kazi waliyoieleza ndo hiyohiyo naifanya kila siku. Nikajibu ile imeili nikiuliza nimekosea wapi, ikarudi inasema anwani hii haipokei majibu. Sijui hata kama nimekasirika au nimechoka tu. Niambie kilichotokea mle ndani.*
*— Wa saa nane usiku*

Marahaba mwanangu, na pole. Hakuna aliyekuwa macho. Naanza na hilo maana naona limekukaa kooni kuliko hata kazi yenyewe.

Mle ndani kuna mambo matatu tofauti na watu wanayachanganya yote wanayaita AI, yaani akili mnemba. La kwanza halina akili yoyote, ni chekeche. Ulipokuwa unajaza fomu uliulizwa maswali ya kubonyeza, una shahada ndiyo au hapana, una leseni, una miaka mingapi ya kufanya kitu fulani, unategemea mshahara kiasi gani, sasa kuna siku mtu alikaa akaiambia programu anayejibu hivi mtoe, akaendelea na shughuli zake. Jibu moja tu linatosha na miaka yako tisa haijafunguliwa hata. Kwa dakika saba, nadhani ni hilo. Hebu kumbuka ulijibu nini, hasa pale pa mshahara na pale pa cheti, maana wengi wana elimu ya kutosha ila jina la cheti chao halipo kwenye ile orodha ya kuchagua, wakabonyeza "nyingine", wakatoka nje bila kujua.

La pili ni usomaji. Programu haiisomi CV kama unavyosoma wewe, inanyofoa, hili jina, hiki cheo, hizi tarehe, inajaza kwenye visanduku vyake. Ukiwa umepanga CV kwa safu mbili, au ujuzi wako umeuchora kwa vinyota, au namba ya simu umeiweka kule juu kabisa kwenye kichwa cha ukurasa, inaweza kuchanganya mistari ya kushoto na ya kulia ukatoka uji mtupu. Nakumbuka ombi moja liliingia kwenye mfumo likionyesha cheo cha mwisho cha mwombaji ni "Kuogelea". Dada wa watu alikuwa ameandika mambo anayoyapenda pembeni ya ukurasa.

La tatu ndo foleni. Inalinganisha maneno yako na maneno ya tangazo, inatoa alama, wewe unakuwa wa 340 na afisa anafungua 20 za juu akipata wa kumtosha anafunga. Hapo hujakataliwa, hujafikiwa tu, ila imeili inayokuja ni ileile. Ndo maana ile namba inayozunguka mitandaoni kwamba asilimia 75 ya CV zinatupwa na mashine kabla mtu hajaziona mimi siitumii, ukiifuatilia inaishia kwenye kampuni moja iliyokuwa inauza huduma ya kurekebisha CV, yaani mwenye dawa ndo katangaza ugonjwa. Yenye utafiti ni hii: mwaka 2021 Chuo cha Biashara cha Harvard pamoja na kampuni ya ushauri ya Accenture waliwauliza mabosi wa makampuni ya Marekani, Uingereza na Ujerumani, na asilimia 88 wakakiri kwamba mifumo yao inawatoa watu wenye ujuzi mkubwa wanaoiweza kabisa ile kazi, kisa hawajalingana neno kwa neno na vigezo vilivyoandikwa. Asilimia 88! Wanajua, na chekeche wameliacha palepale.

Sasa lile neno "kwa makini". Hilo ndo linaniudhi mimi. Wangeandika tu "mfumo wetu umekutoa kwenye swali la nne" ungeumia kidogo ukajua la kufanya. Badala yake wamekuandikia sentensi ya kibinadamu ambayo hakuna binadamu aliyeisema, imetungwa zamani, ikahifadhiwa, ikakutumia yenyewe. Zamani tulikuwa na kawaida mbaya ya kutowajibu watu kabisa, sikatai, lakini ukimya haukudanganyi kwamba umesomwa.

La kufanya: tafuta jina la mtu. Mkuu wa kile kitengo, siyo HR, yaani ofisi ya ajira. Mwandikie mistari mitano, umeomba nafasi fulani tarehe fulani, mfumo umekurudisha ndani ya dakika saba, umefanya kazi hiyohiyo miaka tisa, unaomba aiangalie mwenyewe kama nafasi bado ipo. Usilalamike na usiambatanishe mafaili sita. Wengi hawatajibu, nakwambia ukweli, ila wakuu wa vitengo huwa hawajui kabisa chekeche la HR limewekwa wapi, na mara nyingine wao ndo wa kwanza kushtuka.

*Mjomba mimi swali langu fupi. Nilikaa nyumbani miaka miwili na nusu namuuguza mama. CV yangu ina shimo hapo katikati na kila fomu inaniuliza tarehe. Niandike nini?*
*— Binti wa mama*

Liandike hilohilo, kama kazi, na tarehe zake mwanzo na mwisho: "Kumuuguza mzazi nyumbani, muda wote". Usiliache tupu. Kwenye utafiti ule niliotoka kuutaja walikuta karibu nusu ya makampuni yanachuja CV yenye pengo la zaidi ya miezi sita, na hapo programu haiulizi pengo la nini, kwake aliyekuwa gerezani, aliyekuwa anasoma na aliyekuwa anambadilishia mama yake shuka ni walewale. Ukiweka mstari wenye tarehe pengo linakuwa halipo kwa jicho la mashine, na akija mtu kuisoma atakuwa na la kukuuliza.

Na hapo ndo palipoondoka kitu wapwa zangu. Mimi nimekaa kwenye usaili mwingi, mtu ukiona mstari kama huo kitu cha kwanza unachouliza, kabla ya kazi, kabla ya chochote, ni "mama anaendeleaje?" Halafu unamsikiliza anavyojibu. Nimewahi kujua mtu ana roho ya kazi kutokana na namna alivyojibu swali hilo ambalo halikuwa hata kwenye karatasi. Mama anaendeleaje binti yangu? Niandikie.

*Mjomba mambo. Nimeitwa intavyuu ya video, nikavaa shati, nikajipanga, kufungua linki najiona mwenyewe. Hamna mtu. Swali linatokea kwa maandishi, sekunde 30 za kuwaza, dakika mbili za kujibu, na saa inarudi nyuma mbele ya macho yako. Mwanzoni nikatupia utani kidogo kama ninavyofanyaga nikiwa na wasiwasi, kimya, nikaona aibu mbele ya sura yangu mwenyewe. Swali la tatu sikulielewa nikasema kwa sauti "samahani mnamaanisha wateja wa ndani au wa nje?" halafu nikakumbuka niko peke yangu na sekunde zinakwenda. Mshkaji wangu ananiambia ile kitu inapima macho na tabasamu, ni kweli? Na inakuaje nimemaliza nimechoka kuliko intavyuu ya watu watano?*
*— Niliyeongea na ukuta*

Poa mpwa wangu. Naanza na la mwisho, umechoka kwa sababu umefanya kazi ya watu wawili. Kwenye maongezi ya kawaida anayekusikiliza anakubebea nusu ya mzigo, anaitikia, anakunja uso usipoeleweka, unarudi nyuma unaeleza upya bila hata kujua umefanya hivyo. Wewe umeongea dakika zote hizo bila "eeh" hata moja. Na lile swali lako la wateja wa ndani au wa nje, mimi ningekuwa pale ningekuandikia alama hapohapo, maana mtu anayeuliza kabla ya kujibu ndo mtu unayemtaka kazini, sasa wewe limekula sekunde zako na pengine limesomeka kama kigugumizi.

Kuhusu macho na tabasamu, mshkaji wako hajakosea kabisa ila amechelewa kidogo. HireVue, moja ya makampuni makubwa ya hii biashara, ilikuwa na kipengele cha kuchambua uso, mwaka 2019 ikashtakiwa kwa tume ya biashara ya Marekani na watetezi wa faragha, na Januari 2021 ikatangaza imekiacha. Mwaka huohuo 2021 waandishi wa habari wa redio ya umma ya Bavaria kule Ujerumani waliijaribu programu nyingine iliyodai inasoma tabia ya mtu kwenye video. Wakamchukua mwigizaji, maneno yaleyale, wakambadilisha vitu vidogovidogo, mara kavaa miwani, mara kajifunga kitambaa kichwani, matokeo yakabadilika. Wakaweka rafu ya vitabu nyuma yake, yakabadilika tena. Rafu ya vitabu! Mtu ni yuleyule na sauti ni ileile, ila ukutani kuna vitabu basi tabia yake imekuwa nyingine. Mimi nimewahi kufanya kazi na mtu aliyekuwa na vitabu ukuta mzima na hakuwahi kuwahi kikao hata siku moja.

Umoja wa Ulaya tangu tarehe 2 Februari 2025 umepiga marufuku programu za kusoma hisia za watu kazini, isipokuwa kwa sababu za afya na usalama. Jimbo la Illinois Marekani lina sheria tangu 2020 inayomtaka mwajiri akuambie kabla kwamba video yako itachambuliwa na AI, akueleze inafanyaje kazi na upate nafasi ya kukubali au kukataa. Kwingine ni shaghalabaghala. Kwa hiyo uliza, hata kama sheria ya kwenu haiwalazimishi, andika kwa upole: je video itatazamwa na mtu? kuna alama zinazotolewa na programu? Kama una kigugumizi, au husikii vizuri, au ni ulemavu wowote, omba njia nyingine mapema na omba kwa maandishi. Na kwa mambo madogo, bandika picha ya mtu unayempenda nyuma ya kamera uongee na yeye. Mpwa wangu wa damu alibandika picha ya bibi yake akajikuta anamalizia kila jibu na "sawa bibi", ila anasema alitulia.

*Mjomba nakuheshimu na nimesoma safu yako tangu niko chuo, lakini mwezi huu najua utatuponda sisi watu wa HR kwa hiyo nawahi. Nafasi moja, maombi 1,900 kwa siku tatu, tuko wawili ofisini. Nusu yake yameandikwa na akili mnemba, sentensi zilezile, wengine wamesahau hata kufuta pale palipoandikwa "weka jina la kampuni hapa". Hawa wenyewe hawajaweka ubinadamu kwenye maombi yao wanaudai kwangu? Halafu hao binadamu mnaowalilia si ndo haohao walikuwa wanaajiri watoto wa marafiki zao. Mashine haina shemeji.*
*— Afisa ajira, jina kapuni*

Mwenzangu, "mashine haina shemeji" nimeicheka na nitaiiba. Na una haki kwa sehemu kubwa tu. Mwaka 2025 iliripotiwa LinkedIn, ule mtandao wa kutafutia kazi, peke yake inapokea maombi kama 11,000 kwa dakika, hakuna jicho la kuyasoma hayo, na waombaji wamejibu mashine kwa mashine, sasa roboti inaandika na roboti inasoma na katikati kuna watu wawili wamekaa hawajuani, mmoja anatafuta kazi na mwingine anatafuta mfanyakazi.

Na binadamu hatukuwa malaika. Kuna jaribio maarufu lilichapishwa 2004, watafiti walituma CV karibu 5,000 za kutunga kujibu matangazo ya kazi Boston na Chicago, CV zinazofanana ila majina tofauti, zenye majina yanayosikika ya wazungu zikaitwa kwa asilimia 50 zaidi ya zenye majina yanayosikika ya weusi. Hapo hakuna kompyuta, ni watu na macho yao. Na macho yenyewe, kampuni moja ya ajira ilipima 2018 ikakuta afisa anaitazama CV kwa mara ya kwanza wastani wa sekunde 7.4. Kwa hiyo sitakuambia zamani tulikuwa tunasoma kwa huruma chini ya taa ya kibatari.

Ila shemeji wa mashine yupo, amejificha tu. Nikupe kisa cha zamani ambacho wengi hawakijui. Shule ya tiba ya St George's, London, walichoka kuchambua maombi ya wanafunzi kwa mkono, daktari mmoja pale akaandika programu iige namna wachambuzi walivyokuwa wanachagua, na kuanzia 1982 uchujaji wa kwanza wote ukafanywa na hiyo programu. Iliwaiga vizuri mno, ikawa inakubaliana nao asilimia 90 hadi 95. Na kwa kuwa iliwaiga vizuri ikaiga yote, ukiwa mwanamke alama zinapungua, jina lako likionekana si la Kizungu zinapungua zaidi. Tume ya usawa wa rangi ya Uingereza ilipomaliza uchunguzi mwaka 1988 ikaonekana huenda watu hadi 60 kila mwaka walinyimwa usaili kwa sababu hizo. Hao walikuwa wanaomba shule, siyo kazi, ila mchezo ni uleule. Amazon nao walianza kutengeneza ya kwao 2014, wakailisha CV za miaka kumi nyuma ambazo nyingi zilikuwa za wanaume, ndani ya mwaka wakagundua inazishusha CV zenye neno la "wanawake" ndani yake, mfano mtu kaandika alikuwa nahodha wa klabu ya wanawake ya chesi. Wakaiacha, Reuters wakalitoa hadharani Oktoba 2018.

Ngoja nikuongezee hoja upande wako, maana nataka tubishane kwa haki: pale St George's ubaguzi ulikamatika kwa sababu ulikuwa umeandikwa kwa namba ndani ya programu. Kichwani mwa wachambuzi ulikaa miaka na hakuna aliyeuona. Hapo mashine ilisaidia, na nakubali.

Tatizo langu mimi liko kwingine. Meneja mwenye roho mbaya anaharibu ofisi yake moja, ukitoka kwake unaenda kwa jirani. Programu moja inauzwa kwa mamia ya makampuni, ukitoka hapa unaikuta kule imekaa inakusubiri na alama zilezile. Marekani kuna kesi tangu 2023, mwombaji mmoja anasema ameomba kazi zaidi ya 100 kwenye makampuni yanayotumia programu ya Workday akakataliwa zote, anadai ni kwa ajili ya umri na rangi na ulemavu, Workday wanakana, na Mei 2025 mahakama ikaruhusu waombaji wengine wa miaka 40 na kuendelea wajiunge naye kwenye lile dai la umri. Sijui itaishaje wala sihukumu. Ila angalia huyu jamaa kamshtaki nani. Amemshtaki mwenye programu, kwa sababu kwenye hizo ofisi zote 100 hakupata mtu wa kumwambia "mimi ndo nilikukataa".

Na ile nyingine ilishaisha: kampuni ya kufundisha Kiingereza mtandaoni, tume ya ajira ya Marekani ikasema programu yake ilikuwa inawatoa moja kwa moja wanawake wa miaka 55 na zaidi na wanaume wa 60 na zaidi, waombaji zaidi ya 200, Agosti 2023 wakakubaliana walipe dola 365,000. Unajua iligundulikaje? Mwombaji mmoja alituma ombi lilelile mara mbili akabadilisha tarehe ya kuzaliwa tu. Yenye tarehe ya ujana ikaitwa usaili. Yaani ilibidi mtu aitegee mashine mtego ili ajue alichofanyiwa, wakati angekuwa kakataliwa na mtu angepanda ngazi akauliza.

Ndo maana sheria zinazoanza kutoka zinagusa hapohapo. Ulaya tangu Mei 2018 una haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake, Kenya wameiweka kwenye sheria yao ya ulinzi wa data ya 2019, kifungu cha 35, jiji la New York tangu Julai 2023 programu ya kuchuja lazima ikaguliwe upendeleo kila mwaka na mwombaji aambiwe siku kumi za kazi kabla. Lakini mwenzangu wewe na mimi tunajua ujanja wa ofisini, unamweka kijana pale mwisho abonyeze "thibitisha" mara mia mbili kabla ya chai halafu mnasema uamuzi umefanywa na mtu.

Sikuombi usome 1,900. Nakuomba kila raundi uchukue 50 kati ya zilizotupwa, bila kuchagua, uzisome kwa mkono wewe mwenyewe. Utakuta watatu wanne wa maana, na utajua chekeche lako lina tundu wapi. Funga dirisha la maombi yakifika idadi unayoiweza, kuliko kuyaacha wazi watu wanajaza fomu ya dakika 40 ambayo hutaifungua. Weka anwani inayojibiwa, hata mara moja kwa wiki. Na lile neno "kwa makini" lifute leo, kabla hujaenda nyumbani.

*Mjomba nimeona video inasema ukinakili tangazo lote la kazi ukalibandika chini ya CV kwa herufi nyeupe mashine inakupa alama za juu na mtu haoni. Nifanye?*
*— Fundi janja*

Usifanye. Mifumo mingi inatoa maandishi yote na kuyaonyesha upya kwa rangi moja, kwa hiyo afisa akifungua anakuta tangazo lake mwenyewe limelala chini ya CV yako kama shuka. Nimeshaona. Tulilisoma kwa sauti ofisini tukacheka mpaka mtu akatoka nje. Maneno ya tangazo ambayo kweli unayaweza yaandike juu, kwa weusi, kwenye sentensi za kazi ulizofanya.

*Mjomba na wewe ulishawahi kutupa ombi la mtu bila kulisoma? Jibu kweli usituzungushe.*
*— Mdai*

Nimeshatupa. Mara nyingi.

Kuna mwaka tulipata bahasha zinajaa maboksi mawili, nafasi ilikuwa moja, na bosi anataka majina kumi kesho yake asubuhi. Nilianza vizuri. Kufika saa tano usiku nilikuwa naangalia ukurasa wa kwanza tu, na baadaye hata huo siumalizi, mwandiko mbaya pembeni, barua fupi pembeni. Kwa hiyo ninaposema chekeche najua ninachosema, nilikuwa chekeche mimi mwenyewe, tena linalosinzia.

Wiki ile matokeo yalipobandikwa akaja mama mmoja mapokezi, hakupiga kelele, akasema anaomba kuonana na aliyesoma karatasi zake. Wakampitisha kwa watu watatu, kila mmoja anasema siye, mwisho akafika kwangu. Akauliza, "Ni wewe uliyesoma?" Nikasema ni mimi. Akauliza, "Ukurasa wa pili uliusoma?"

Sikuwa nimeusoma. Nilitaka kusema nimeusoma, neno lilishafika mdomoni, ila alikuwa ananiangalia. Nikamwambia hapana mama, nikaenda kulitoa boksi chini ya meza nikatafuta bahasha yake, ikachukua muda, yeye amesimama tu. Ukurasa wa pili ndo ulikuwa na kila kitu. Kazi ya miaka sita inayofanana kabisa na ile tuliyotangaza, ila alianza na shule ya msingi kama walivyofundishwa zamani, ikaangukia nyuma.

Nikaenda kwa bosi, nikagombezwa, akaongezwa awe wa kumi na moja. Kwenye usaili akashika nafasi ya pili. Kazi hakuipata. Alipita kuniaga akasema afadhali, nikamuuliza afadhali nini, akasema walau hawa wamenikataa wamenisikia, akachukua bahasha yake akaondoka nayo.